Lewis Carroll: Maisha ya Mwindaji wa Maneno

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa vikielea vimeundwa. Methali hii yamstahili sana mwandishi Mwingereza anayejulikana duniani kote kwa lakabu ya Lewis Carroll. Wengi humkumbuka kwa hadithi za msichana Alice aliyetumbukia katika shimo la sungura. Wachache wanajua kwamba alikuwa mhadhiri wa hisabati kwa zaidi ya robo karne. Wachache zaidi wanajua kwamba sehemu kubwa ya saa zake za faragha aliitumia kutafuta maneno ya Kiingereza kwa kuzifuata herufi zilizomo ndani yake, na kuutungia utafutaji huo kanuni kali kana kwamba ni tawi la sayansi.

Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuufuata uzi huo wa herufi. Wasimuliaji wengi wa maisha ya Carroll huitaja michezo yake ya maneno mwishoni, kama mtu anayetaja kitoweo baada ya kusifu wali. Hapa inachukuliwa kuwa kiini chenyewe. Jina lake, vitabu vyake, mantiki yake na hata ukimya wake hueleweka vyema zaidi tukimtazama kama mtu aliyeamini kwamba mchezo usio na sheria si mchezo, na kwamba lugha hujifunua kwa yule anayeibana kwa masharti.

Malezi na masomo

Jina lake halisi lilikuwa Charles Lutwidge Dodgson. Alizaliwa tarehe 27 Januari 1832 katika kijiji cha Daresbury, jimbo la Cheshire, Uingereza. Alikuwa mtoto wa tatu na mvulana wa kwanza katika familia ya watoto kumi na mmoja. Baba yake, ambaye pia aliitwa Charles, alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza aliyesomea hisabati. Mnamo 1843 familia ilihamia Croft-on-Tees, kaskazini mwa nchi, ambako baba alipewa parokia kubwa zaidi.

Nyumba yenye watoto kumi na mmoja haikosi kelele, na kelele za nyumba hiyo zilihitaji mtu wa kuziongoza. Charles akawa mbunifu wa michezo, mtengenezaji wa vikaragosi na mhariri wa majarida ya nyumbani yaliyoandikwa kwa mkono. Mojawapo ya majarida hayo aliliita Mischmasch, neno lenye asili ya Kijerumani linalomaanisha mchanganyiko wa vitu mbalimbali. Jina hilo aliliweka akibani kwa miaka mingi, akaja kulitumia tena kwa jambo jingine kama tutakavyoona.

Jambo moja lilimtofautisha na watoto wengi. Alikuwa na kigugumizi, na ndugu zake kadhaa walikuwa nacho pia. Akiwa mtu mzima alitafuta msaada wa mtaalamu wa usemi, James Hunt, lakini tatizo hilo halikumtoka maishani. Konsonanti ambazo wenzake walizitamka bila kufikiri, yeye alilazimika kuzivizia. Haitakuwa haki kudai kwamba kigugumizi ndicho kilichomfanya awe mchezaji wa herufi. Hata hivyo, msomaji hawezi kupuuza kwamba mtu ambaye ulimi wake ulikwama mbele ya sauti fulani ndiye aliyekuja kuzitawala herufi za sauti hizo kwenye karatasi kuliko wengi wa zama zake.

Alisoma shule ya Richmond, kisha shule maarufu ya bweni ya Rugby kuanzia 1846 hadi 1849. Alifaulu masomoni, lakini maisha ya Rugby yalimchosha kiasi kwamba baadaye alieleza kuwa asingekubali kuyarudia kwa malipo yoyote. Mnamo Januari 1851 aliingia Christ Church, chuo ambacho baba yake alisomea katika Chuo Kikuu cha Oxford. Siku mbili tu baada ya kufika alipata habari za kifo cha mama yake. Alirejea nyumbani kuzika, kisha akarudi chuoni, na chuo hicho kikawa makao yake hadi mwisho wa uhai wake. Mwaka 1854 alipata daraja la kwanza katika hisabati, na mwaka uliofuata akateuliwa kuwa mhadhiri wa somo hilo. Cheo hicho alikishikilia hadi 1881.

Tarehe 22 Desemba 1861 alitawazwa kuwa shemasi, lakini hakuendelea kuwa kasisi kama ilivyotarajiwa. Sababu zimejadiliwa sana, na kigugumizi hutajwa miongoni mwazo, kwa kuwa kasisi huishi kwa sauti yake mimbarini.

Jina lililozaliwa na herufi

Mwaka 1856 Dodgson alikuwa akiandikia jarida la The Train, lililohaririwa na Edmund Yates. Alitaka lakabu itakayotenganisha mashairi yake na kazi zake za hisabati. Alimpelekea mhariri majina manne, na namna alivyoyapata inatuonyesha jinsi akili yake ilivyofanya kazi.

Majina mawili kati ya hayo, Edgar Cuthwellis na Edgar U. C. Westhill, aliyapata kwa kuzivuruga herufi zote za majina yake mawili ya kwanza, Charles Lutwidge, na kuzipanga upya bila kuacha wala kuongeza hata moja. Msomaji anayetilia shaka na azihesabu: ni herufi kumi na tano kwa kumi na tano. Jina jingine alilipata kwa njia ya tafsiri. Aliyageuza majina yake kuwa Kilatini, yakawa Carolus Ludovicus; akayapindua mpangilio; kisha akayarudisha katika sura ya Kiingereza. Likatoka jina Lewis Carroll. Yates akalichagua hilo.

Hivyo basi, jina ambalo ulimwengu unalijua ni zao la mchezo wa maneno. Kabla hajatunga fumbo lolote la kuwasumbua wasomaji, Dodgson alikuwa amelifanya jina lake mwenyewe kuwa fumbo.

Safari ya mtoni na vitabu vya Alice

Mnamo 1855 Christ Church ilipata mkuu mpya, Henry Liddell. Huyu alikuwa mwanaleksikografia mkubwa. Yeye na Robert Scott ndio waliotunga kamusi ya Kigiriki na Kiingereza iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1843, na ambayo wanafunzi wa Kigiriki cha kale wameendelea kuitumia kizazi baada ya kizazi. Kwa wapenzi wa lugha, hili ni jambo la kutafakari: msichana maarufu zaidi katika fasihi ya watoto ya Kiingereza alichukua jina lake kutoka kwa binti wa mtunga kamusi.

Tarehe 4 Julai 1862 Dodgson na rafiki yake Robinson Duckworth waliwapeleka mabinti watatu wa Liddell, Lorina, Alice na Edith, kwa mashua katika mto Thames hadi Godstow. Njiani alisimulia hadithi, na Alice akamwomba aiandike. Aliiandika kwa mkono wake, akaichorea picha, na kumkabidhi Alice mnamo Novemba 1864. Toleo lililopanuliwa lilichapishwa na Macmillan mwaka 1865, likiwa na michoro ya John Tenniel. Nakala 2,000 za kwanza ziliondolewa kwa sababu Tenniel hakuridhika na ubora wa uchapishaji. Kitabu cha pili, ambamo Alice anapita ndani ya kioo, kilitoka mwishoni mwa 1871 kikiwa na mwaka 1872 kwenye jalada lake la ndani.

Katika kitabu hiki cha pili herufi zinafanya kazi ya wazi. Shairi linalokifunga lina mishororo ishirini na mmoja, na herufi za mwanzo za mishororo hiyo zikisomwa kutoka juu hadi chini hulitaja jina kamili la Alice Pleasance Liddell. Humo pia limo shairi la Jabberwocky, ambalo ubeti wake wa kwanza aliutunga mwaka 1855 kwa ajili ya jarida lake la nyumbani. Shairi hilo limejaa maneno yaliyoundwa kwa kuunganisha vipande vya maneno mawili, mbinu ambayo wanaisimu wa Kiswahili huiita uhulutishaji. Sisi tuna chajio kutokana na chakula cha jioni, na chamcha kutokana na chakula cha mchana. Carroll aliwapa Waingereza chortle, aina ya kicheko, na neno hilo likaingia katika kamusi zao na kubaki humo. Alichokianza kama utani kikawa msamiati wa lugha.

Mwaka 1867, kati ya vitabu hivyo viwili, alifunga safari ya pekee ya maisha yake nje ya Uingereza, akaandamana na rafiki yake Henry Liddon hadi Urusi. Hata huko jicho lake lilinaswa na herufi: katika shajara yake alinakili kwa hati ya Kilatini neno refu la Kirusi lenye maana ya watu wanaojilinda, akivutiwa na msongamano wa konsonanti zake.

Michezo ya maneno na sheria zake

Kipindi cha kuanzia 1875 hadi 1893 ndicho kilichozaa michezo mingi aliyoichapisha. Inafaa kuitazama mmoja mmoja, kwani kila mmoja unauliza swali tofauti kuhusu neno.

Mwaka 1875 alitengeneza mfumo wa kukumbuka tarehe. Kila tarakimu aliipa konsonanti mbili, na irabu zikawa huru kujaza nafasi. Anayetaka kukumbuka mwaka 1492, ambao Columbus alifika Marekani, huiacha tarakimu ya kwanza na kutafuta neno lenye konsonanti za 4, 9 na 2, ambazo miongoni mwazo ni f, n na d. Neno found, lenye maana ya kugunduliwa, linatosha kabisa. Kazi nzima ya mfumo huu ni kutafuta neno lenye herufi zilizotakiwa ambalo pia lina maana inayohusiana na tukio. Wasomi wa pwani waliozoea hesabu ya abjadi, ambamo herufi za Kiarabu hubeba thamani za namba, wasingeuona mfumo huu kuwa mgeni.

Wakati wa Krismasi ya 1877 aliwabunia wasichana wawili, Julia na Ethel Arnold, mchezo wa kuwaondolea uchovu. Hutolewa maneno mawili yenye idadi sawa ya herufi. Mchezaji hutoka neno la kwanza hadi la pili kwa kubadilisha herufi moja kila hatua, na kila hatua sharti iwe neno kamili. Kichwa hufika mkiani hivi: head, heal, teal, tell, tall, tail. Jarida la Vanity Fair lilianza kuuchapisha tarehe 29 Machi 1879 kwa jina la Doublets, na wasomaji wakashindania zawadi. Mojawapo ya mafumbo lilitaka kumtoa binadamu kutokana na nyani, yaani kutoka ape hadi man, katika miaka ambayo Uingereza ilikuwa bado ikibishana juu ya nadharia ya Darwin.

Mashindano hayo yalizua tatizo ambalo kila mchezaji wa maneno hulifahamu. Neno ni nini? Ukimruhusu mshindani kuchimbua maneno yaliyozikwa karne nyingi, kila fumbo hutatulika na mchezo hufa. Ukimkataza maneno mengi mno, mchezo hukauka. Carroll alilijibu swali hilo kama mtungaji wa sheria: alikusanya faharasa ya maneno yanayoruhusiwa na kuiambatisha kwenye kitabu cha mchezo. Kipimo chake kilikuwa matumizi ya watu. Neno halali ni lile linalofahamika katika mazungumzo ya kawaida ya jamii.

Mapema katika miaka ya 1880 alichapisha mchezo ambao ndio unaotufaa zaidi, akaupa jina la jarida lake la nyumbani, Mischmasch. Mchezaji mmoja hutaja kiini, yaani herufi mbili au zaidi zinazofuatana. Mwenzake hutafuta neno halali lenye kiini hicho ndani yake, herufi zikiwa katika mfuatano uleule. Akiambiwa gp, ajibu magpie, ambaye ni aina ya ndege. Akiambiwa emo, ajibu lemon, yaani limau. Akiambiwa imse, ajibu himself, yaani yeye mwenyewe. Nomino za pekee haziruhusiwi, wala maneno yanayounganishwa kwa kistari.

Ugumu wa mchezo huu uko wapi? Kamusi huyapanga maneno kwa herufi ya kwanza. Akili huyapanga kwa maana. Malenga huyapanga kwa silabi za mwisho. Hakuna ghala lolote la kawaida linaloyapanga maneno kwa herufi za katikati. Anayetafuta gp hana mlango wa kubisha. Inambidi aipasue lugha aone viungo vyake. Akifanya hivyo hugundua mambo. Hugundua kwamba g na p hukutana tu pale silabi moja inapofungwa na nyingine kufunguliwa, kama ilivyo katika magpie. Hugundua kwamba imse imepanda juu ya mpaka wa mofimu mbili, him na self, na ndiyo maana jicho huikosa ingawa neno lenyewe hutumika kila siku. Bila kutumia istilahi hata moja ya isimu, mchezo huu humfanya mchezaji awe mchunguzi wa fonolojia na mofolojia.

Sheria moja ya Mischmasch yastahili kusisitizwa. Mchezaji anaruhusiwa kutaja kiini hata kama yeye mwenyewe hajui neno lolote linalokibeba. Kwa upande wake, anayetafuta ana njia tatu: kutangaza kwamba amepata neno, kutangaza kwamba hakuna neno, au kukiri kwamba ameshindwa. Carroll alitenganisha majibu mawili ya mwisho, na hapa ndipo mwanamantiki anapoonekana. Kusema nimeshindwa ni kueleza hali ya msemaji. Kusema hakuna neno ni kutoa dai juu ya lugha nzima, na mpinzani akileta neno moja tu, dai hilo huporomoka. Kwa watafiti wa lugha, ambao huandika kwa urahisi kwamba muundo fulani haupo, hili ni funzo lisilochakaa.

Mwishoni mwa 1880 aliandika katika shajara yake wazo la mchezo ambamo herufi zingesogezwa juu ya ubao wa sataranji hadi ziunde maneno. Zaidi ya nusu karne baadaye Mmarekani Alfred Butts, bila kuhitaji msaada wa shajara hiyo, alihesabu marudio ya herufi katika magazeti na kubuni mchezo ambao kuanzia 1948 uliuzwa kwa jina la Scrabble. Carroll mwenyewe aliendelea na njia yake. Mwaka 1891 alichapisha katika jarida la The Lady mchezo wa Syzygies, ambamo maneno huungwa kwa vipande vya herufi wanavyochangia. Walrus huunganishwa na peruse kwa rus. Peruse na harper kwa per. Harper na carpenter kwa arpe. Hivyo mnyama wa baharini na seremala, wahusika wawili wa shairi lake la zamani, wanakutanishwa na herufi zao.

Mwaka huohuo alibuni kifaa cha kuandikia gizani. Alikuwa na mazoea ya kupata mawazo usiku akiwa kitandani; miaka mingi kabla, katika 1868, alikuwa amelitungia jina la mwanasiasa William Ewart Gladstone fumbo la kupanga herufi upya akiwa amelala macho. Kuwasha taa kwa ajili ya kila wazo kulimchosha. Akakata kadi yenye safu ya miraba kumi na sita, akabuni alfabeti ya nukta na mistari mifupi ambayo mkono ungeweza kuiandika ndani ya miraba hiyo bila msaada wa macho. Mtu aliyezipenda herufi kiasi hicho hakukubali zimkimbie hata gizani.

Nafasi zisizo na maandishi

Maisha ya Carroll hayawezi kusimuliwa kwa uaminifu bila kugusa yanayozua maswali. Kuanzia 1856 hadi 1880 alikuwa mpiga picha hodari, katika enzi ambayo kazi hiyo ilihitaji kemikali, vioo na subira. Alimpiga picha mshairi Tennyson na watu wengine mashuhuri. Aliwapiga pia watoto wengi, wakiwemo wachache waliopigwa bila nguo kwa idhini ya wazazi wao. Wapo wasomi wanaokumbusha kwamba picha za namna hiyo zilikuwa desturi ya sanaa ya enzi ya Malkia Victoria. Wapo wanaoona kwamba desturi haitoshi kuwa utetezi, na kwamba mtoto hana sauti katika idhini inayotolewa na mzazi. Mjadala huo haujafungwa.

Lipo pia suala la shajara zake. Kati ya madaftari kumi na matatu, manne hayaonekani. Katika yale yaliyobaki, ukurasa wa siku za mwisho za Juni 1863 umekatwa. Baada ya siku hizo uhusiano wake na familia ya Liddell ulivunjika kwa miezi kadhaa, na haukurudi kuwa kama ulivyokuwa. Wengi wameijaza nafasi hiyo kwa dhana zao, wengine kwa kumtetea na wengine kwa kumshutumu.

Ni kinaya kikubwa. Mtu huyu alianza tarehe 1 Januari 1861 kuweka rejista ya kila barua aliyoiandika na aliyoipokea, na hadi kufa kwake namba ya mwisho ilikuwa 98,721. Mtu aliyeweka kumbukumbu za namna hiyo ameacha pengo mahali ambapo wasomaji wanataka zaidi kusoma. Sheria yake mwenyewe inafaa kutumiwa hapa. Anayedai kwamba hapakuwa na kosa lolote na anayedai kwamba kosa analijua wote wawili wametangaza neno wasilolishika mkononi.

Miaka ya mwisho

Baba yake alipofariki mwaka 1868, Carroll alibeba jukumu la familia. Aliwatafutia dada zake ambao hawakuwa wameolewa nyumba mjini Guildford, akawa akiwatembelea mara kwa mara. Kipato cha vitabu vyake kilipoimarika, aliacha uhadhiri mwaka 1881 ili apate muda wa kuandika, ingawa aliendelea kuishi chuoni.

Kazi aliyoipa uzito mkubwa kuelekea uzeeni ilikuwa mantiki. Mwaka 1896 alichapisha sehemu ya kwanza ya kitabu chake cha mantiki ya ishara. Kwake hapakuwa na ukuta kati ya kazi hii na michezo ya maneno. Katika zote mbili mtu hupewa masharti machache, huambiwa asitoke nje yake, na hutakiwa afike mahali ambapo hakutarajia kufika.

Hakuimaliza sehemu ya pili. Wakati wa Krismasi ya 1897 alikwenda Guildford kama ilivyokuwa desturi yake. Akapatwa na mafua makali yaliyogeuka nimonia, na tarehe 14 Januari 1898 akafariki katika nyumba ya dada zake, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 66. Alizikwa katika makaburi ya mji huo. Kurasa zilizosalia za sehemu ya pili ya kitabu chake zilikuja kuchapishwa mwaka 1977, karibu miaka 80 baada ya kifo chake.

Carroll na Kiswahili

Kiswahili kilimpokea Carroll mapema kiasi. Mwaka 1940 kampuni ya Sheldon Press ya London ilichapisha Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St Lo Conan-Davies. Miaka 75 baadaye, mnamo 2015, ikatoka tafsiri nyingine ya Ida Hadjivayanis, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Wafasiri wote wawili walikabiliwa na kikwazo kilekile. Mizaha mingi ya Carroll imejengwa juu ya maneno yenye sauti sawa na maana tofauti. Katika Kiingereza tale na tail hutamkwa kwa namna moja. Katika Kiswahili hadithi na mkia havina undugu. Mfasiri hawezi kuihamisha sauti. Inambidi aitafute sauti nyingine ndani ya lugha yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa michezo yenyewe. Kiini gp katika Kiswahili hakina mahali pa kukaa, kwa kuwa silabi zetu za asili huishia kwa irabu, isipokuwa pale ambapo sauti kama m husimama peke yake kuwa silabi. Kiini mbw huleta mbwa na mbweha bila taabu. Kiini kt ni habari nyingine: huleta muktadha na daktari, na kwa hiyo swali lililoanza kama mchezo wa herufi hugeuka kuwa swali la asili ya maneno, likituelekeza moja Uarabuni na jingine Ulaya. Oktoba haikubaliki, maana huandikwa kwa herufi kubwa. Mchezo wa kubadilisha herufi moja nao hukubali Kiswahili kwa ukarimu. Kaka huwa kada, kada huwa dada. Baba huwa bata, bata huwa mata, zile silaha za wahenga, na mata huwa mama. Kwa kuwa maneno yetu mengi mafupi yana irabu mbili na konsonanti mbili, njia kati yake ni nyingi kuliko zile za Kiingereza.

Si kwamba jadi yetu ilimngoja Carroll. Muyaka bin Haji aliyeishi Mombasa katika karne za 18 na 19 alisifika kwa kulichezea neno moja hadi litoe maana zake zote. Wapo watunzi wa pwani waliozipanga beti zao kwa kufuata utaratibu wa alfabeti ya Kiarabu. Watoto wamezungumza kinyume kwa kuzihamisha silabi. Na kila malenga anayetafuta neno la kukamilisha kina, huku mizani ikimbana na maana ikimdai, anacheza mchezo wa Carroll kwa kanuni kali zaidi.

Hitimisho

Maisha ya Lewis Carroll yanatufundisha kwamba umakini na mchezo si mahasimu. Alitumia akili ileile kuunda lakabu, kusimulia hadithi mashuani, kutunga fumbo la gazeti na kuandika kitabu cha mantiki. Leo hii kompyuta inaweza kutoa orodha ya maneno yote yenye kiini fulani kwa kufumba na kufumbua, na msako ambao ungemchukua Carroll usiku kucha umekuwa kazi ya sekunde. Lakini orodha hiyo haimwambii mtu kwa nini g na p hukutana hapo, wala kwa nini Kiswahili hukataa kuzikutanisha. Majibu hayo humjia anayehangaika mwenyewe.

Idara za Kiswahili zina mengi ya kufaidi hapa. Mwanafunzi anayelemewa na somo la muundo wa silabi anaweza kupewa viini kumi na kuachiwa atafute. Atakapofikia kusema kwamba hakuna neno, na aulizwe kama ana hakika kwa niaba ya lugha nzima, au ni yeye tu aliyeshindwa.